Kulala kwa Mabedui wa Sharqiya: mgeni analipa, jembe hapewi

Tangu nirudi Tanga sina raha. Kituo cha kukusanyia maziwa naulizwa, kwenye daladala ya Pongwe naulizwa, hata mwuza kahawa pale Ngamiani kaniuliza kama ni kweli Mwarabu wa jangwani anakunywa kahawa bila kashata. Nimechoka kurudia. Nayaandika yote hapa, anayetaka kwenda asome, na anayetaka umbea tu naye asome.

Huduma ninayoizungumzia ni ya kukaa na familia ya Kibedui ndani ya jangwa la Sharqiya, Omani. Si kambi ya watalii yenye taa za rangi na bwawa la kuogelea. Hizo zipo, tena nyingi. Hapa unakaa na watu: baba, mama, bibi, watoto, mbuzi wao, ngamia wao na ugomvi wao. Mie nilitozwa riali 22 kwa usiku, chakula ndani, pamoja na gari la kukutoa mwisho wa lami mpaka kwao. Riali moja ni kama dola 2.60 za Marekani, kwa hiyo kabla hujaanza kufunga mkoba kaa kitako upige hesabu. Mama mdogo, aliyeolewa Ibra huko huko Omani, ndiye aliyenilipia sehemu kubwa, zawadi ya kumaliza chuo cha mifugo Buhuri. Bila yeye ngamia ningeishia kuwaona kwenye simu.

Natanguliza pia kwamba mie ni mtoto wa mfugaji. Nyumbani Pongwe tuna ng'ombe chotara wa maziwa, na nilianza kukama kabla sijaruhusiwa kuvuka barabara kuu peke yangu. Nilikwenda kule na jicho la zizini. Anayetafuta habari za machweo na picha za mtu kakaa juu ya ngamia, wapo walioandika, tena kwa ufundi.

Safari haina taabu. Kutoka Maskati barabara ni pana, unapita Ibra, unafika Bidiya, na kwenye mji wa Al Mintirib lami inakatika ghafla: nyumba za mwisho, mitende, halafu kilima cha mchanga. Hapo dereva anashuka, anapunguza upepo wa matairi mpaka yanabonyea, kisha anapanda kilima kwa mwendo ambao abiria wa Tanga anatakiwa awe ameshasoma dua zake. Dereva wangu alikuwa kijana wa nyumba ile ile ninayokwenda, anasoma chuo Maskati na kurudi kwao mwisho wa wiki. Huyo ndiye aliyenipa darasa la jangwa kwa Kiingereza chake na Kiarabu changu cha madrasa.

Ramani za zamani zililiita jangwa la Wahiba, kwa jina la kabila la Al Wahiba. Sasa rasmi ni Sharqiya. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 12,500, maana yake halifiki hata nusu ya Mkoa wetu wa Tanga. Urefu kama kilomita 180, upana kama 80. Mwaka 1986 jumuiya ya Royal Geographical Society ya Uingereza ilipeleka watafiti wake wakahesabu mimea, wadudu na wanyama, maana watu wengi hudhani mchanga ni mchanga tu. Vilima vyake, vingine virefu kufikia mita 100, vimejipanga kwa mistari kutoka kusini kwenda kaskazini, na kilichovipanga ni upepo wa kusi. Kusi hii hii yetu, inayowafungia wavuvi wa Deep Sea pale Tanga mwezi wa saba, iliyokuwa ikiyarudisha majahazi Arabuni baada ya biashara. Ikifika kule haina tanga la kusukuma, inasukuma mchanga. Kijana alinieleza hayo huku anazungusha usukani kwa mkono mmoja, na nilitamani atumie yote miwili.

Sasa lawama, niitoe mapema iishe. Wakala aliyeniuzia huduma hii, yuko Maskati, jina lake nalihifadhi, alinitumia picha ya hema kubwa jeusi la manyoya ya mbuzi, ndani mito myekundu, nje taa za mafuta. Hema hilo sikuliona. Kijana alipoiona ile picha alicheka, akasema hiyo ni kambi ya watalii, na tena mahema meusi ni ya ndugu zao wa kaskazini, huko Yordani na Syria. Kwao pale nilikuta kuta za matawi ya mtende yaliyofungwa kwa kamba, paa la matawi hayo hayo, mazulia yametandikwa juu ya mchanga, jiko la mabati pembeni, tangi la maji la plastiki, jenereta, na Land Cruiser mbili. Ua wote umezungushiwa wigo. Kwa uaminifu, nyumba ile inapitisha upepo vizuri kuliko chumba chochote nilichowahi kupanga mjini, na sikuijutia hata kidogo. Lakini aliyenipiga changa la macho kanipiga, nyumba kuwa nzuri hakumfuti yeye.

Wanaojali maji na choo, na mie najali: choo kipo, cha kuchuchumaa, kisafi, mbali kidogo na nyumba. Maji huletwa na gari la maji kutoka Bidiya na kila mtu anajua thamani yake. Unaoga kwa kata na ndoo, nusu ndoo. Watu wa mjini waliozoea bomba la mvua watalia. Sisi tuliolelewa na mgao hatuna la kusema. Simu inashika ukipanda kilima cha nyuma ya zizi, ukishuka imekata.

Usiku ni baridi. Narudia kwa herufi kubwa kichwani mwako: baridi. Nilikwenda Desemba, na baada ya saa nane za usiku kipimo hushuka mpaka nyuzi 15 na chini yake, na mtu wa pwani kwa nyuzi 15 anajiandaa kufa. Tunalala nje, wanawake upande wetu, juu ya mikeka na magodoro membamba, blanketi mbili mbili. Alfajiri blanketi la juu linakuwa limelowa umande, kwa sababu bahari haiko mbali na unyevu wake unaingia usiku. Huo umande ndio unaowanywesha wadudu na vichaka. Bebeni sweta.

Nikifika kwenye kiini cha jambo, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mabedui wao hiyo nusu ya pili hawana. Mgeni kwao ana siku tatu ambazo hata kuulizwa shida iliyomleta haulizwi, na siku hizo zikipita bado hawakupi jembe. Nilichonunua mie, kwa maneno ya tangazo, ni "kuishi maisha yao ya kila siku". Nilichopewa ni mto wa kuegemea.

Niseme ilivyokuwa. Asubuhi nakalishwa zuliani. Inakuja sinia ya tende, wakati mwingine halua, nanawa, nakula. Kisha kahawa. Dala, yaani birika la kahawa, inashikwa kwa mkono wa kushoto, kikombe kinatolewa kwa mkono wa kulia, na ndani ya kikombe kahawa haizidi funda mbili. Kahawa yenyewe ni nyepesi, rangi ya dhahabu, iliki imetawala. Si ile yetu chungu ya barazani. (Jibu la mwuza kahawa: hapana kashata, ni tende, na zinatangulia.) Ukirudisha kikombe kimya kimya unajaziwa. Ukitaka basi, unakitikisa kidogo kwa vidole, kushoto kulia, ndipo wanaelewa umetosheka. Mwanzoni nilikuwa nasema "basi, ahsante, shukrani" na kikombe kinarudi kimejaa, nikanywa mpaka moyo ukaanza kunipiga ngoma.

Kisha nikinyanyuka kwenda jikoni, binti mkubwa ananirudisha kwa mabega. Nikishika ufagio, unachukuliwa. Nikisogelea ndoo, inahamishwa. Mbuzi wakitoka, natazama. Ngamia wakirudi, natazama. Mtu nimetoka kwenye zizi, nimelipa pesa niingie zizi lingine, nimekalishwa nje ya wigo na sinia ya tende. Mtalii wa kawaida angefurahi. Mie ilipofika siku ya tatu nilikuwa nimevimba.

Ikabidi nimwendee bibi. Bibi ndiye mwenye serikali pale, hata baba mwenye nyumba akiingia anambusu kichwani kwanza. Huvaa barakoa, ile ya zamani waliyovaa mabibi wa Unguja, siyo ya korona: kitambaa kinachong'aa, kina ubavu mgumu katikati unaoshuka juu ya pua, macho tu yanaonekana. Nikakaa mbele yake, nikakunja vidole, nikavuta hewani, mkono wa kulia, wa kushoto, wa kulia, wa kushoto, huku natoa mlio wa maziwa yanavyopiga ndoo. Akanitazama muda. Kisha akacheka mpaka barakoa ikamcheza, akaita wanawake wote waje, akaniambia nirudie. Nikarudia. Wakacheka tena.

Kesho yake baada ya swala ya alfajiri, mama mwenye nyumba alinipita nikiwa nakunja blanketi, akasema "ta'ali", njoo, bila kugeuka nyuma.

Hapa naomba wafugaji wenzangu wasogee. Ngamia jike anakamwa kasimama, na wewe umesimama. Kibao cha kukalia sahau. Kiwele kiko usawa wa kifua changu, na mie si mfupi. Mama alisimama kwa mguu wa kushoto, akakunja wa kulia akaegemeza wayo kwenye goti, bakuli la chuma likakaa juu ya paja. Mikono yote miwili iko huru, mtu kasimama mguu mmoja kwenye mchanga, na hatikisiki. Kabla ya hapo alikifungua kiwele, maana mchana hufungwa wavu ili ndama asimalize maziwa. Kisha ndama akaachiliwa anyonye kwanza. Ngamia bila ndama hashushi maziwa, na hili wenye ng'ombe wa kienyeji wanalijua. Ni ng'ombe wetu wa kisasa ndio waliosahaulishwa desturi hiyo. Ndama alipiga kichwa mara mbili tatu, chuchu zikajaa, binti akamvuta pembeni, na mama akaanza kwa kasi ambayo sijaona.

Kasi ina sababu yake. Maziwa ya ngamia yakishuka yanashuka kwa dakika moja au mbili, yakikatika yamekatika, hata umbembeleze. Ng'ombe wangu wa nyumbani nampigia soga huku nakama. Pale hakuna soga. Chuchu ziko nne, na mbili za upande mmoja ziliachiwa ndama, hazikuguswa. Mafuta ya kukamia hawana habari nayo. Mkono mkavu, safi, basi. Povu lilipanda mpaka ukingoni mwa bakuli.

Zamu yangu nilisimama kwa miguu miwili, siwaongopei, bakuli kalishika binti. Ngamia aligeuza shingo yote, akanileta uso wake karibu na wangu, akanusa kilemba, akarudi kutafuna. Chuchu yake ni laini kuliko ya ng'ombe na inataka vidole vya juu zaidi, usivute, ukamue. Nilipata kama nusu ya alichopata mama. Waliyanywa pale pale, bakuli moja linazunguka, nami nikapewa la kwanza, maana ugeni haukuwa umeisha kabisa. Ladha ni nyepesi, ina chumvi kwa mbali, na nadhani chumvi hiyo inatokana na vichaka anavyokula. Mtindi wake hauwi mzito kama tulivyozoea. Siagi nayo ni ngumu kuipata. Kwa hiyo wanayanywa mabichi, na yanayobaki wanapewa watoto na wageni. Ngamia hubeba mimba miezi 13 hivi, kwa hiyo hesabu ya kuzaa kila mwaka isahau pia.

Nilipowaambia kwamba sisi Tanga tunapeleka maziwa kituoni asubuhi kabla hatujatia hata kikombe kwenye chai yetu, walinyamaza wote. Mama akauliza kwa upole kama mwaka ulikuwa mbaya. Kwao maziwa ya nyumbani hayauzwi, ni ya mgeni na ya mtoto. Nilijaribu kueleza mambo ya ushirika, lita, na malipo ya mwisho wa mwezi, nikaona nazidi kumtia huzuni, nikaacha.

Tangu siku hiyo mambo yakabadilika. Nilifagia. Nilibeba majani. Nilisuka, vibaya, kipande cha mkanda wa ngamia kwenye mtambo wao uliolazwa chini kwenye mchanga, bibi akakifumua chote bila kusema neno na kuanza upya. Huko ndiko kuishi kwao, na ndiko nilikokulipia.

Bibi alinionyesha jambo lingine ambalo hakuna tangazo litakaloliandika. Kila asubuhi kabla upepo haujaamka anazunguka wigo kwa nje, mikono nyuma, anasoma mchanga. Hapa kapita mdudu, vijitundu vidogo vidogo pande mbili. Hapa mbweha, kaja mpaka kwenye banda la kuku, kasimama, kageuka. Hapa mjusi, mkia wake umeburura mstari, halafu mstari unakatika: alikimbia. Hapa mkwe wake karudi usiku wa manane na kuvua viatu asisikike, na bibi akacheka peke yake, maana mkwe alikuwa ameapa kalala mapema. Kisha akanionyesha nyayo zilizotoka chooni, akasema "Zinjibariya", ni mie. Nilishasema Tanga, Tanga, nikachoka. Kwa bibi pwani yote ni Unguja. Nikauliza kajuaje. Akaigiza ninavyotembea, vidole nje, kisigino kinazama. Wanawake wakacheka tena. Nadhani riali nyingine kumi ningelipa kwa matembezi yale tu.

Chakula. Nilitegemea nyama asubuhi na jioni. Siku ya kwanza kweli alichinjwa mbuzi, wali ukaja kwenye sinia la kutosha harusi ndogo ya Makorora. Baada ya hapo ikawa papa. Papa mkavu! Pwani ya Omani iko karibu, papa na jodari hukaushwa na kuletwa ndani ya jangwa, vinaliwa na wali na ndimu kavu. Nimepanda ndege nikakutana na kitoweo cha sokoni kwetu. Kizuri, sikatai, ila hawatii nazi, na papa bila nazi mie namhurumia. Mkate wa rakhal, mwembamba kabisa, wa juu ya chuma cha moto, na asali: huo naukumbuka mpaka sasa. Mboga za majani hakuna. Kitunguu na limau ndio kachumbari. Pilipili wanaiogopa. Mwenye tumbo la mchicha na kisamvu abebe subira.

Upande wa wanaume sikuuona sana, na mwanamke anayekwenda asitarajie. Wana baraza lao, wageni wao, na ngamia wao wa mbio. Hao ni ukoo mwingine kabisa: wembamba, wanalishwa tende, asali na majani mabichi yaliyonunuliwa, na wanafanyishwa mazoezi kabla jua halijakolea. Mgongoni hupandishwa kiroboti chepesi chenye kiboko, kinaendeshwa kwa rimoti na mtu aliye kwenye gari linalokimbia pembeni. Zamani walipandishwa watoto wadogo, mpaka ikapigwa marufuku. Nilitazama mazoezi mara moja kutoka dirishani mwa gari, vumbi likanizuia mengine.

Kuna mtu mmoja asiyeonekana kwenye picha za wakala. Mbuzi wa nyumba ile wanachungwa na kijana kutoka Bangladeshi. Ana kibanda chake, Kiarabu chake cha Kibedui safi kabisa, na saa yake ya kupanda kilima kupiga simu kwao. Silaumu, hata nyumbani kwetu mkata majani analipwa. Lakini unapouziwa "maisha ya asili ya jangwani", ujue nusu ya kazi za maisha hayo siku hizi inafanywa na mtu ambaye naye ni mgeni, na ambaye jembe alipewa siku ya kwanza.

Hela. Malipo yote hupitia kwa wakala, na pale nyumbani neno riali halitajwi. Ukimpa mama noti mkononi umemtukana. Nilichopeleka mie ni karafuu, ushauri wa mama mdogo, na doti mbili za kanga. Kabla ya kwenda jangwani alinipeleka soko la wanawake la Ibra, la kila Jumatano, ambako wanawake ndio wauzaji na wanawake ndio wanunuzi, na mwuza vitambaa mmoja alinijibu kwa Kiswahili cha Unguja chenye lafudhi ya kizamani, akauliza bei ya karafuu kwetu na kusema tumepandisha. Familia nyingi za Ibra zilikaa pwani yetu na kurudi, msishangae. Karafuu bibi alizifungia kwenye pindo la shela yake hapo hapo. Kanga moja ikakatwa kuwa mapazia, jambo ambalo mama yangu hajanisamehe.

Nikipima kwa nyota: familia tano, bila kusita. Malazi manne, baridi imekula moja. Chakula tatu na nusu. Wakala mbili tu, kwanza kwa sababu ya picha ya hema, na pili kwa sababu alipoulizwa kuhusu kazi za kila siku alijibu "utafanya kila kitu, dada", bila kuwaambia wenyeji hata neno. Kama angewaambia kwamba anayekuja anataka kufanya kazi, nisingepoteza siku za mwanzo kwenye mto. Kwa hiyo ukiweka nafasi, andika kwa maandishi, mwombe amsomee mwenye nyumba, kwamba hukuja kupumzika. Na ukifika bado watakukalisha. Nenda kwa mwanamke mkubwa wa nyumba umwonyeshe kwa mikono unachojua kufanya. Mshonaji aonyeshe sindano, mpishi aonyeshe mwiko. Maneno hayana kazi kubwa pale.

Mwanamke peke yake anaweza kwenda, mie nilikuwa salama mchana na usiku. Mwanaume ataishia barazani na kahawa, na kukama huenda akasimuliwa tu. Wanandoa watatenganishwa upande huu na ule, wajue mapema wasije wakanuniana. Mwezi wa kwenda ni kati ya Novemba na Februari. Ukienda Julai hutawakuta: joto hupita nyuzi 45 na familia nyingi huhamia mabustanini Bidiya kuvuna tende. Wakala hatakwambia hilo. Atakupeleka kwenye lile hema jeusi la kwenye picha, kwa bei ile ile.